Unabii wa Tiro (Ezekieli 26): ulitimia neno kwa neno, au tumekuwa tukiruka sura ya 29?

Kibatari (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu nyote.

Uzi ni mrefu, naomba uvumilivu. Nimefundisha shule ya Jumapili miaka kumi na moja, na tisa kati ya hiyo nimewafundisha watoto kwamba unabii wa Ezekieli juu ya mji wa Tiro ulitimia wote, pasipo neno moja kudondoka. Niliupokea hivyo kwenye mkutano wa injili nikiwa kidato cha pili. Mhubiri alitundika picha kwenye turubai: mwamba mtupu, bahari pande zote, nyavu zimeanikwa juu. Akasema hapo ndipo palipokuwa Tiro, ukienda leo hukuti hata kibanda. Vigelegele vilipigwa mpaka vumbi likatimka. Picha ile niliibeba moyoni, nami nikawabebesha watoto wa watu.

Mwaka juzi kijana mmoja darasani akafungua ramani kwenye simu, akaniuliza, "Mwalimu, mbona Tiro ipo?"

Kweli ipo. Inaitwa Sur, kusini mwa Lebanoni. Ina mitaa, shule, misikiti, makanisa na bandari. Nilimjibu nitaleta jibu Jumapili inayofuata, nikaenda nyumbani nikiwa na uzito ambao mke wangu aliuona kabla sijavua viatu. Jibu halikupatikana Jumapili ile, ikanichukua miezi. Naleta hapa nilichokipata.

Tuanze na andiko. Ezekieli alikuwa kuhani aliyechukuliwa mateka mwaka 597 KK pamoja na mfalme Yehoyakini, akakaa na mateka wenzake Babeli, kando ya mto Kebari. Sura ya 26 ina tarehe: mwaka wa kumi na moja wa uhamisho, yaani 587 au 586 KK, siku ambazo Yerusalemu inaanguka. Tiro ikasikia, ikasema "Ahaa!" Lango la biashara la jirani limevunjika, sasa mali itapita kwangu. Kwa ajili ya ile "Ahaa" neno likamjia nabii.

Na neno lenyewe ni zito. Mataifa mengi yatakuja juu ya Tiro kama bahari inavyoleta mawimbi yake. Kuta zitabomolewa, mavumbi yatakwanguliwa, mji utabaki jabali tupu, mahali pa kutandazia nyavu kati ya bahari. Kisha, mstari wa 7, anatajwa mtu kwa jina: Nebukadreza mfalme wa Babeli. Ataua watu wa miji ya mashambani, atajenga boma, ataleta magogo ya kubomolea kuta, kwato za farasi wake zitakanyaga njia zako zote. Mstari wa 12: mawe yako, miti yako na mavumbi yako watayatupa majini. Mstari wa 14: hutajengwa tena.

Sasa shikeni maneno "kati ya bahari". Tiro ilikuwa na sehemu mbili. Kulikuwa na makazi ya bara, ambayo Waashuri waliyaita Ushu na Wayunani wakayaita Tiro ya Kale. Na kulikuwa na mji wenyewe, kisiwani, kama mita 700 hivi kutoka ufukweni. Hekalu, jumba la mfalme, bandari mbili, utajiri wote ulikuwa kule kisiwani. Hata jina lake, Sur, maana yake ni jabali, ndiyo maana nabii anasema jabali litabaki jabali. Ezekieli alijua anachokizungumzia: sura ya 27 yote anauchora mji huu kama merikebu, na mara kwa mara anarudia kwamba makao yake ni moyoni mwa bahari. Wale wa bara anawaita "binti zako walio mashambani".

Nebukadreza akaja kweli. Josephus, mwandishi wa Kiyahudi wa karne ya 1, anasema kwa kutegemea kumbukumbu za Wafoinike kwamba aliuhusuru mji miaka 13, wakati Ithobaal ni mfalme. Vibao vya udongo vya Babeli vinataja chakula cha askari waliokuwa wakienda Tiro. Kwa hiyo vita havina ubishi. Lakini Babeli haikuwa na merikebu za kuushinda mji uliozungukwa na maji, na hatuna habari kwamba askari wake waliingia kisiwani kupora. Mwisho wake ulikuwa kama mapatano. Baada ya Ithobaal alitawala Baal miaka 10, wakafuata waamuzi, na baadaye watu wa Tiro wakawa wanaagiza wafalme wao kutoka Babeli. Mji ulitii, ulipoteza uhuru wake. Haukubomolewa.

Na hapa ndipo nilipoisoma sura ya 29 kwa mara ya kwanza kwa macho yaliyofunguka. Mstari wa 17 una tarehe nyingine: mwaka wa ishirini na saba, yaani 571 KK, miaka 16 baada ya ule unabii wa kwanza. Ndiyo tarehe ya mwisho kabisa katika kitabu kizima cha Ezekieli. Bwana anamwambia nabii: Nebukadreza amelitumikisha jeshi lake kazi kubwa juu ya Tiro, kila kichwa kimeota upara, kila bega limechubuka, na hakupata mshahara, yeye wala jeshi lake. Basi nampa nchi ya Misri iwe ujira wake.

Someni tena. Hakupata mshahara. Lakini sura ya 26 mstari wa 12 ilisema utajiri wa Tiro utatekwa nyara.

Nilikaa na hiyo sura mpaka taa ikaisha mafuta. Miaka yote nilidhani ni wapinzani wa Biblia ndio waliogundua kwamba mambo hayakwenda kama yalivyotajwa. Kumbe wa kwanza kusema ni Ezekieli mwenyewe, tena bila kuulizwa, tena akaweka tarehe. Angeweza kuifuta sura ya 26, au kubadilisha maneno mawili matatu. Hakufanya hivyo. Aliziacha zote mbili zikae kwenye kitabu kimoja.

Mhubiri wangu hakuisoma sura hiyo. Yeye aliruka kutoka 26 moja kwa moja hadi kwa Alexander Mkuu, na sisi tukaruka naye.

Msimamo wangu ni huu: unabii wa Tiro ulitimia kwa sehemu, na Biblia yenyewe ndiyo iliyotangulia kusema hivyo. Anayefundisha kwamba ulitimia wote anaipinga sura ya 29, hata kama nia yake ni kuitetea Biblia.

Karibuni.

Mtumishi

Mleta uzi, nakusalimu katika Bwana. Umeandika kwa adabu, nami nitajibu kwa adabu. Ila umewahi kutangaza hukumu kabla shahidi mkuu hajasimama.

Angalia mstari wa 3: "mataifa mengi", kama mawimbi. Wimbi halipigi mara moja. Kuanzia mstari wa 7 hadi 11 nabii anasema "ata-", mtu mmoja, Nebukadreza. Ukifika mstari wa 12 anabadilika: "wata-". Hao ni wengine, ni mawimbi yanayofuata. Na nani alitupa mawe na miti na mavumbi majini? Alexander, mwaka 332 KK. Alitaka kuingia kisiwani kumtolea dhabihu Melqart, mungu wa Tiro, watu wa Tiro wakakataa, wakamwambia akafanye ibada yake bara. Akaibomoa Tiro ya Kale yote, akachukua vifusi vyake, mawe yake, mbao zake na miti ya milima ya Lebanoni, akajenga tuta kupita baharini mpaka kisiwani. Miezi saba. Sijui mji mwingine uliokwanguliwa hivyo na kutupwa majini. Ezekieli alilijuaje hilo miaka 250 kabla?

Halafu Tiro ya Kale, ile iliyokwanguliwa, haikurudi kuwa mji ule tena. Na kisiwani, baada ya Wamamluki, watawala wa Kiislamu wa Misri, kuuteka mji mwaka 1291, pakawa magofu. Msafiri Mwingereza Henry Maundrell alipofika mwaka 1697 alikuta watu wachache maskini wakijihifadhi kwenye magofu, wakiishi kwa kuvua samaki. Nyavu hizo, mwalimu. Picha ya mhubiri wako haikutoka hewani.

Swali Gumu

Mimi sina dini, nasoma tu. Kumbukumbu la Torati 18:22 inasema nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisitukie, hilo si neno la Bwana, wala msimwogope. Kipimo kimewekwa na ninyi wenyewe. Mleta uzi amekiri jambo halikutukia. Sasa "kwa sehemu" inatoka wapi? Mwanafunzi akipata nusu ya majibu huwezi kumwambia amepata yote.

Kibatari

Mtumishi, asante. Umeleta hoja yenye nguvu kuliko zote, na sitaipunguza. Lile tuta la Alexander na mstari wa 12 vinafanana kiasi cha kumfanya mtu anyamaze kwanza. Nami nilinyamaza. Hadi leo nikisoma mstari ule nasisimka, na sitamlaumu yeyote anayeona mkono wa Mungu pale.

Lakini naomba tuende taratibu na hiyo "ata-" na "wata-". Ukisoma mstari wa 12 kwa kutokea wa 11 hukuti mlango wowote wa kutokea: farasi wake wanakanyaga njia, anaua watu, nguzo zinaanguka, nao wanateka mali. "Nao" ni jeshi lake. Mfalme anakuja, jeshi linapora. Ndivyo hata sisi tunavyosimulia vita. Na jeshi la Babeli lenyewe lilikuwa la mataifa mengi, ndiyo maana mstari wa 7 unamwita Nebukadreza mfalme wa wafalme na kusema anakuja na mkutano wa watu wengi.

Shahidi mkubwa wa usomaji huu ni Ezekieli. Kama mstari wa 12 ulikuwa wa Alexander tangu mwanzo, kwa nini sura ya 29 inajishughulisha na mshahara wa Nebukadreza? Mshahara anaoukosa ni zile nyara za mstari wa 12. Nabii aliona ni Nebukadreza aliyestahili kuzipata, ndiyo maana anatangaziwa malipo mengine.

Na hata tukimpa Alexander mstari wa 12, bado kuna mstari wa 14. Arrian, mwandishi wa kale wa historia ya Alexander, anasema watu wapatao 8,000 wa Tiro waliuawa na 30,000 wakauzwa utumwani. Diodorus, mwandishi mwingine wa kale, anasema wanaume 2,000 walitundikwa. Ulikuwa msiba usioelezeka. Lakini miaka kama 18 tu baadaye Antigonus, mmoja wa majemadari wa Alexander, aliuhusuru mji uleule, na ilimchukua mwaka mmoja na miezi mitatu. Mji uliokufa hauzuii jemadari mwaka mzima na zaidi. Tangu 126 KK Tiro ilipata uhuru wake, ikafua fedha yake, na shekeli ya Tiro ndiyo iliyotumika kulipa kodi ya hekalu Yerusalemu. Fedha ya mji ulioambiwa hutajengwa tena ikawa inaingia hazina ya nyumba ya Bwana! Injili ya Marko 7 inasema Yesu alikwenda pande za Tiro, na huko ndiko mama yule wa Kisirofoinike alikopata uponyaji wa binti yake. Matendo 21: Paulo alishuka Tiro akakuta wanafunzi, akakaa nao siku saba, wakamsindikiza na wake zao na watoto mpaka ufukweni, wakapiga magoti mchangani wakaomba.

Nawaza mara nyingi wale watoto wa Tiro waliopiga magoti na Paulo. Ningewafundishaje kwamba mji wao haupo?

Kuhusu Maundrell, ni kweli. Karne kadhaa baada ya 1291 mji ulikuwa gofu. Lakini katika karne ya 18 watu walirudi, wakajenga. Ukichagua mwaka 1697 unabii umetimia. Ukichagua mwaka 60 au mwaka huu, haujatimia. Mhubiri wangu alichagua karne iliyomfaa, akatuambia ni leo.

Swali Gumu, wewe nakujibu baadaye, kwa kuwa swali lako ni zito na sitaki kulijibu kwa haraka.

Ibn Kilindini

Asalaam alaykum kwenu, na amani kwa wasio Waislamu. Nimekuwa nikihudhuria mihadhara tangu utotoni na huu ni mjadala wa kwanza wa dini mtandaoni ambao sijaona matusi, kwa hiyo nami nichangie.

Kwetu iko Sura ya Rum, ya 30, aya ya 2 hadi ya 4: Warumi wameshindwa katika nchi iliyo karibu, nao baada ya kushindwa watashinda, katika "bidh'i sinina", miaka michache, ambayo wanavyuoni huihesabu kati ya mitatu na tisa. Waajemi walichukua Damaski mwaka 613 na Yerusalemu 614. Heraclius, mfalme wa Warumi, alianza mashambulizi yake 622, na akawavunja Waajemi karibu na Ninawi Desemba 627. Mimi naamini aya ilitimia. Wakati inashuka hakuna aliyedhani Rumi itainuka.

Ila ninaposoma uzi huu nakubali jambo moja. Ninapohesabu ile miaka, mimi ndiye ninayechagua mwanzo na mwisho. Nikianzia 614 na kuishia 622 au 623, inaingia ndani ya tisa. Nikiishia vita vya Ninawi, inapita. Aya haikutaja ushindi upi. Ustadh wangu, Allah amrehemu, alitukataza kuipeleka jukwaani kama silaha. Alisema aya hii ilishushwa kuwafariji waumini waliokuwa wachache Makka, na atakayeisoma bila kuona faraja hiyo ameacha kiini akashika hesabu.

Sasa namuuliza mleta uzi: Ezekieli aliwaambia kina nani maneno yale? Watu wa Tiro hawakuwepo kando ya mto Kebari.

Kibatari

Wa alaykum salaam, ustadh. Swali lako limenisaidia kuliko vitabu vingi. Aliwaambia mateka. Watu waliopoteza mji, hekalu, jamaa, wanasikia kwamba jirani amecheka. Maneno ya sura ya 26 hadi 28 yaliwafikia wao kwanza: aliyecheka hatacheka daima, na bahari yake haitamkinga mbele za Mungu. Katika lugha ya nchi zile, ukiimba maombolezo ya mji unasema hutajengwa tena, hutaonekana tena, bahari itakufunika. Sura ya 27 yote ni wimbo wa maombolezo, merikebu inazama na mabaharia wake wanajitia mavumbi vichwani. Sisi tumeuchukua wimbo wa msiba tukausoma kama hati ya mpimaji ardhi.

Nimeandika hivyo, lakini nisijifiche nyuma ya neno "wimbo". Sura ya 29 inaonyesha kwamba Ezekieli mwenyewe hakuuona kuwa wimbo tu. Alitarajia nyara, na nyara hazikupatikana, na alilisema.

Dada wa Sur

Hamjambo. Mimi ni Mkenya. Nilifanya kazi za nyumbani Lebanoni miaka mitatu, miwili na nusu kati ya hiyo hapohapo Sur. Nilikuwa nasoma tu huu uzi kimya, lakini naona mnaongea juu ya mahali nilipoishi.

Ukitoka bara kwenda mji mkongwe huwezi kujua kwamba ulikuwa unavuka bahari. Ni barabara, maduka, magari, nyumba za ghorofa. Mama wa nyumba niliyemfanyia kazi ndiye aliyeniambia kwamba chini ya lami ile kuna tuta la mfalme wa zamani, mchanga ulijaa pande zote mbili mpaka kisiwa kikashikana na nchi. Kuna magofu ya Warumi sehemu mbili. Yale ya Al-Bass yana barabara ya mawe, tao kubwa, makaburi, na uwanja wa kushindanisha farasi ambao ukisimama upande mmoja mtu wa upande wa pili anaonekana mdogo kama kidole. Yale ya baharini yana nguzo zimesimama na maji yako pale karibu. Ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1984, kibao kipo.

Kwa wale wanaosema Tiro ya bara haikujengwa tena: upande wa bara ndio uliojaa watu zaidi. Kambi za Wapalestina ziko huko pia. Na hiyo Al-Bass iko upande wa bara, Warumi walijenga.

Sina elimu ya Biblia kama ninyi. Lakini miaka ile haikuwa rahisi kwangu. Pasipoti yangu ilikuwa imefungiwa kabatini, na siku ya kupumzika niliipata kwa kuomba sana. Jumapili nikiruhusiwa nilikuwa naingia kanisa la mtaa wa Wakristo, karibu na bandari, nakaa nyuma, sielewi Kiarabu, naomba Mungu kwa Kiswahili. Mahali ambapo ninyi mnasema Mungu aliahidi patabaki mwamba mtupu, mimi ndipo aliponisikia.

Mjoli

Dada wa Sur, pole sana kwa uliyopitia, na asante kwa kuyasema.

Wakuu, mbona hakuna aliyetaja Yeremia 18:7-10? Pale Bwana anasema wazi: nikinena juu ya taifa kuling'oa na kulivunja, na taifa hilo likigeuka na kuacha uovu wake, nami nitaghairi. Yona alitangaza siku arobaini na Ninawi itaangamizwa, hakuweka "kama". Watu wakatubu, mji ukasalimika, wala hatumwiti Yona nabii wa uongo. Maneno ya hukumu yana sharti ndani yake hata lisipotamkwa. Ukiweka hilo, tatizo lote la Tiro linaisha.

Kibatari

Mjoli, Yeremia 18 ni mlango wa kweli, nami nimepita hapo. Tena Yeremia na Ezekieli walikuwa wa kizazi kimoja, kwa hiyo si kwamba tunakopa wazo kutoka mbali. Kilichonizuia kukaa hapo ni kwamba Yona anatuambia Ninawi walitubu, mfalme akavaa gunia. Kuhusu Tiro hakuna mstari unaosema walitubu. Sura ya 29 haisemi "Tiro iligeuka, nikaghairi." Inasema jeshi lilichoka na halikulipwa. Nikiingiza toba ya Tiro ili hesabu yangu ikae sawa, nitakuwa nimefanya alichofanya mhubiri wangu, kwa njia nyingine tu. Naweza kusema Mungu wa Yeremia 18 ni Mungu aliye huru na neno lake mwenyewe. Hilo nalikubali. Zaidi ya hapo andiko halinipi ruhusa.

Na kuna Misri. Sura hiyohiyo ya 29 inasema Misri itakuwa ukiwa miaka arobaini, kuanzia Migdoli hadi Sewene, ambayo ni Aswan ya leo. Kipo kipande cha kibao cha Babeli kinachotaja mwaka wa 37 wa Nebukadreza, yaani 568 au 567 KK, na vita dhidi ya Misri. Alikwenda basi. Lakini Farao Amasis alitawala mpaka 526 KK, na Herodotus, mwanahistoria wa Kiyunani, anasema Misri haikuwahi kustawi kama wakati wake. Miaka arobaini ya ukiwa haionekani popote. Kwa hiyo tukifunga jambo la Tiro kwa kamba ya "sharti", hatuna budi kuirefusha kamba ifike na Misri, na kila tukiirefusha inakuwa nyembamba.

Sasa Swali Gumu. Kumbukumbu la Torati 18 sitaikwepa. Ezekieli mwenyewe hakuikwepa. Soma sura ya 12 kuanzia mstari wa 21: watu walikuwa na msemo kwamba siku zinakawia na kila maono yanapotea bure, naye akaukemea. Alijua anapimwa. Na katika sura hiyohiyo alisema kwamba mkuu wa Yerusalemu atapelekwa Babeli, wala hataiona, naye atafia huko. Fumbo gumu. Kisha 2 Wafalme 25 inasimulia Sedekia, mfalme wa Yerusalemu, alivyotobolewa macho kabla ya kufungwa pingu na kupelekwa Babeli. Utasema yaliandikwa baada ya tukio. Inawezekana kusema hivyo juu ya Sedekia. Lakini juu ya Tiro huwezi, na hapo ndipo ninapokuomba utafakari. Hakuna anayetunga unabii baada ya tukio halafu akautunga ukakosea. Sura ya 26 kutokulingana na yaliyotokea ndiyo ushahidi bora kwamba ilisemwa kabla, na kwamba waliohifadhi maneno ya Ezekieli hawakuyachezea. Mtu wa kutengeneza angeitengeneza.

Je, hilo linamfanya nabii apite mtihani wa Kumbukumbu 18 kwa alama zote? Hapana. Siwezi kukudanganya. Tiro ilishushwa, ikapoteza uhuru, baadaye ilibomolewa vibaya zaidi ya mara moja, na wakati fulani ilibaki nyavu na magofu. Farasi wa Nebukadreza hawakukanyaga njia zake, na mji umejengwa tena na tena. Yote mawili ni kweli. Watu wa Israeli walioona yote mawili kwa macho yao waliamua bado kumhesabu kuwa nabii, na wao walikuwa karibu na jambo kuliko mimi na wewe. Mimi naungana nao. Wewe ukishindwa, sitakuita mpumbavu.

Swali Gumu

Nimekuelewa. Siungani na wewe kwenye hitimisho, lakini hoja ya kwamba mtungaji angerekebisha sikuwahi kuifikiria. Naipokea. Kwangu bado kosa ni kosa hata likihifadhiwa kwa uaminifu. Asante kwa kunijibu kama mtu mzima.

Mtumishi

Nimerudi baada ya siku mbili. Nimeisoma 29:17-20 kwa kufunga. Bado naamini mstari wa 12 ulikuwa na macho ya kumwona Alexander, na sitaliacha hilo. Lakini nimekubali jambo moja: nimehubiri Tiro mara nyingi na sijawahi kusoma sura ya 29 madhabahuni. Swali langu kwa mwalimu ni la kichungaji. Kijana wa kidato cha pili ukimwambia "kwa sehemu", si unampa sababu ya kuondoka kanisani?

Kibatari

Mchungaji, nakuheshimu kwa kurudi. Yule kijana wa simu nilimpa jibu baada ya miezi minne. Nilimketisha, tukasoma sura ya 26 pamoja, nikamwonyesha tarehe. Kisha nikamfungulia 29:17, nikamwacha asome mwenyewe kwa sauti. Alipofika "hakupata mshahara" akanyamaza, akaniangalia, akasema, "Kumbe na yeye aliona." Nikamwambia ndiyo, na yeye aliona. Bado yuko darasani. Waliowahi kuondoka darasani kwangu, wawili, waliondoka kwa sababu walijitafutia wenyewe picha za Sur mtandaoni wakati mimi bado nafundisha mwamba mtupu.

Dada wa Sur, naomba nikuulize jambo moja ambalo vitabu havinipi. Je, nyavu zipo?

Dada wa Sur

Zipo. Bandari ya kaskazini, ile ndogo, ndiyo ya wavuvi mpaka leo. Asubuhi wazee wanakaa chini kwenye sakafu ya gati, wamezitandaza nyavu zimewajaa magotini, wanazishona palipotoboka. Nyuma yao ni nyumba, madirisha yana nguo zimeanikwa, na wanawake wanawaita kutoka juu waje kunywa kahawa.